Poa Mbele ya Nani? Ocol, Lawino na Uwanja wa Ngoma

Kila lugha ina neno la kumsifu mtu anayependeza machoni pa wenzake, na ina neno jingine la kumweka kando yule asiyependeza. Katika Kiswahili cha vijana wa leo, anayesifiwa ni poa, ni mjanja, ni mtoto wa mjini, anakwenda na wakati. Anayewekwa kando ni mshamba. Neno hili la pili tunalitumia kila siku bila kulitazama vizuri. Mshamba kwa asili ni mtu wa shamba, yaani yule yule anayelima muhogo na maharage ambayo mjanja wa mjini anayala. Hapa Uganda tunayo maneno yetu yanayofanya kazi hiyo hiyo. Kijana akikosea kuvaa, au akiogopa kupanda ngazi zinazojiendesha dukani, wenzake watasema ana maalo. Wengine watasema ni lokali, neno walilolitoa katika Kiingereza, lenye maana ya mtu wa mahali hapa. Ajabu ni kwamba kuwa mtu wa mahali hapa, ukiwa mahali hapa hapa, kumegeuka tusi.

Insha hii inauliza swali moja: mtu anapohesabiwa kuwa poa, anahesabiwa na nani? Nitalijibu kwa kuhakiki kazi ambayo wengi wetu tumeisoma, ama kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, nayo ni Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Utungo huu uliandikwa kwanza kwa Kiacholi, ukachapishwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966, na baadaye Paul Sozigwa akautafsiri kwa Kiswahili. Mwaka 1970 Okot akatoa Wimbo wa Ocol, ambamo mume anajibu. Kwa kawaida darasani tunafundishwa kwamba tungo hizi mbili zinahusu mgongano wa mila na usasa: Lawino anasimamia mila, Ocol anasimamia usasa, na mwanafunzi anaombwa kuchagua upande. Usomaji huo si wa uongo, lakini unaliacha nje jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha tungo zote mbili. Lawino na Ocol hawagombani tu juu ya mambo yapi ni mazuri. Wanagombana juu ya nani ana haki ya kusema kwamba jambo fulani ni zuri.

Tuanze na ushahidi ulio wazi kabisa. Lawino anatueleza kwamba alipokuwa msichana alikuwa kiongozi wa wasichana wenzake, jina lake likivuma katika nchi ya Wapayira. Aliimba, alicheza, alipendeza. Na aliyemfuata usiku na mchana akimbembeleza alikuwa Ocol huyu huyu. Wakati ule Ocol aliziona nywele zake, ngozi yake, sauti yake na uchezaji wake kuwa mambo ya kumfanya kijana akose usingizi. Baada ya shule, Makerere na siasa, nywele zile zile zinamnukia vibaya na uchezaji ule ule ni ushenzi. Lawino hakubadilika, kilichobadilika ni mahakama. Ocol alipokuwa kijana wa kijijini, majaji wake walikuwa vijana wenzake, wazee na wasichana waliozunguka uwanja wa ngoma. Alipotoka shuleni alikuwa amepata majaji wengine, nao hawakai Acholi.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye dansi. Katika sehemu ambayo Lawino anasema hajui ngoma za Wazungu, wasomaji wengi huishia kucheka jinsi anavyosimulia watu waliokumbatiana gizani, moshi wa sigara na ulevi. Lakini tukisoma kwa makini tutaona kwamba analinganisha aina mbili za mahali. Dansi ya Ocol huchezwa ndani ya nyumba, kwenye mwanga hafifu. Ngoma ya Waacholi huchezwa uwanjani, mchana kweupe, na mchezaji hawezi kuficha kitu: tumbo lililovimba litaonekana, ugonjwa wa ngozi utaonekana, na asiyejua kucheza atajulikana. Hapo Lawino anatupa, bila kutumia lugha ya wasomi, nadharia nzima ya kupendeza. Kwake yeye, sifa ni ya kweli ikiwa imetolewa mahali ambapo kila mtu anaona na kila mtu anaonwa. Anayekusifu yuko mbele yako. Kesho yeye ndiye atakayeingia uwanjani, nawe ndiwe utakayemtazama.

Mahakama ya Ocol haina sifa hiyo. Jaji wake haonekani. Ocol anavaa suti, anapanga siku kwa saa ya ukutani, anajaza nyumba vitabu, anataka mkewe apike kwa jiko la kisasa, lakini hakuna Mzungu hata mmoja katika nyumba ile anayemtazama na kumwambia kwamba sasa ametosha. Kwa hiyo hatosheki. Katika Wimbo wa Ocol jaji huyo anatajwa waziwazi. Ocol anaitukana Afrika, anamlilia mama yake kwa nini alizaliwa mweusi, na mwishoni anapoota mji mpya anataka humo zijengwe sanamu za watu kama Leopold wa Pili wa Ubelgiji na Bismarck wa Ujerumani. Hao ndio waliokaa kwenye viti vya mahakama yake: wafu wa nchi za mbali, ambao hawakumjua, na ambao lau wangemjua wasingemhesabu kuwa mtu. Mtu anayetafuta kusifiwa na sanamu atangoja sana.

Hapa neno letu la Kiswahili linatusaidia kuliko tunavyodhani. Poa limetokana na kupoa, yaani kupungukiwa na moto. Chai hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Aliye poa, kwa maana ya asili, ni aliyetulia, asiye na papara. Tukimpima Ocol kwa kipimo hicho anashindwa mara moja, kwa sababu katika tungo zote mbili hana nukta moja ya utulivu. Anafoka mtoto akilia, anafoka wageni wakija bila kutarajiwa, anafoka Lawino asipoijua saa. Amefanya kila kinachotakiwa ili aonekane wa kisasa, na bado anachemka. Wahenga walisema mwiga tembo hupasuka msamba. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumcheka mwigaji, lakini Okot hamfanyii Ocol kicheko tu. Anatuonyesha mtu anayeumia. Katika sehemu ya vitabu, Lawino anaacha matusi na kuomboleza: vijana waliosoma wamemalizwa na msitu wa vitabu, na nyumba zao zimekuwa giza. Huo ni msiba, nao hauhusu vitabu vyenyewe. Unahusu kusoma ili uonwe na mtu ambaye hatakuona kamwe.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kumwachia Lawino aondoke bila kuulizwa. Nina hoja mbili dhidi yake, na zote mbili zinagusa swali letu.

Ya kwanza ni kwamba uwanja wake nao una ukatili. Ikiwa uwanjani kila kilema kinaonekana, basi mwenye kilema anaaibika. Lawino, ambaye alikuwa mzuri na mwenye afya, anausifia uwanja kama mshindi anavyoyasifia mashindano. Hatumsikii msichana mwenye ngozi iliyoharibika akieleza anavyouona uwanja ule. Kwa hiyo tusiseme kwamba mahakama ya nyumbani ina huruma na ya mbali haina. Tofauti iko kwingine. Katika uwanja wa Lawino kanuni zinajulikana na zinafundishika: msichana hujifunza kucheza kwa kucheza, akikosea leo anarudi kesho, na akizeeka anakuwa mmoja wa wanaotazama. Katika mahakama ya Ocol kanuni hubadilika bila yeye kuulizwa, na hata akizijua zote hawezi kupandishwa kiti awe jaji.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inamhusu Clementine, au Tina, mwanamke ambaye Ocol amempenda. Lawino anamchora kwa maneno makali: midomo iliyopakwa rangi nyekundu anaifananisha na kidonda, na poda usoni anaifananisha na sura ya mchawi. Anasema hana wivu, kisha anakiri kwamba anao kidogo. Tunacheka, na Okot anajua tutacheka. Lakini Tina haongei. Katika tungo zote mbili hapewi nafasi ya kusema kwa nini anapaka poda. Ocol ana elimu, chama cha siasa na nyumba; Tina ana uso wake tu. Anafanya kile ambacho watu kama Ocol wanakidai kwa mwanamke ili wamtazame. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi hii inapopungua: mwandishi mwanamume amempa mwanamke mmoja fimbo, na fimbo hiyo inatumika sana kumpiga mwanamke mwenzake. Hasara yake tunaiona mpaka leo. Wanafunzi wengi wakimaliza kusoma Wimbo wa Lawino hukimbilia kuwasema wasichana wenye nywele za bandia na kucha za bandia, kana kwamba ndiko kumwelewa Okot. Wanaosemwa sana ni kina Tina, na kina Ocol wanaoajiri, wanaooa na wanaotoa alama hawaguswi.

Tusisahau pia aliyeyaandika haya ni nani. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931. Alicheza mpira katika timu ya Uganda iliyokwenda Uingereza mwaka 1956, akabaki huko kusoma, na mojawapo ya vyuo alivyosoma ni Oxford. Baadaye aliongoza jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala. Kwa maneno mengine, alikuwa na kila sababu ya kuwa Ocol. Riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, aliiandika kwa Kiacholi na ikachapishwa mwaka 1953, kabla ya safari hizo. Aliporudi alirudi kwenye lugha ile ile. Hilo linatuonyesha kwamba vitabu havimlazimishi mtu kuwa Ocol, na kwamba Oxford haikumzuia mtu kurudi uwanjani. Lawino mwenyewe anasema hadharau desturi za wageni. Anachokiomba ni mumewe asidharau za kwao.

Sasa nije kwetu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hii, kwa sababu swali la nani ni poa linatuhusu kuliko tunavyopenda kukiri. Historia ya Kiswahili Uganda ni historia ya lugha iliyoamriwa mara nyingi na kupendwa mara chache. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga hadharani mpango wa kukifanya lugha rasmi katika nchi yake. Kilibaki kambini, katika midomo ya askari, na kwa watu wengi hapa kikawa sauti ya mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973, chini ya Idi Amin, kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukipunguzia sifa ya kambini, lilikiongezea. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Pamoja na hayo yote, mwanafunzi akisema anasoma Kiswahili bado ataulizwa kama anataka kwenda jeshini, au kama alikosa alama za kuingia sheria.

Amri inaweza kuifanya lugha iwe rasmi. Haiwezi kuifanya iwe poa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Lawino angetufundisha, kwa sababu yeye anajua kwamba hakuna chifu aliyewahi kutoa amri msichana fulani apendeze. Na ukitaka kuona Kiswahili kikipendeza Kampala bila amri, usiende ofisini. Nenda panapopigwa muziki. Vijana ambao hawawezi kuandika sentensi tatu za Kiswahili wanaimba Bongo Fleva kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanamuziki wetu Jose Chameleone amepata mashabiki katika Afrika Mashariki nzima kwa nyimbo zinazochanganya Kiswahili na Luganda, na baadhi zina majina ya Kiswahili kitupu, kama Kipepeo. Hakuna wizara iliyowatuma mashabiki hao. Uwanja wa ngoma umefanya kazi ambayo matangazo ya serikali hayakuifanya kwa miaka mingi.

Lakini sisi wasomi wa Kiswahili tumo katika hatari ya kumrudisha Ocol kwa mlango wa nyuma. Sote tunaujua mzaha kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya na kufia Uganda. Wengine huongeza kwamba kilizikwa Kongo. Tunaucheka mzaha huu hata sisi Waganda na Wakongo tuliomo ndani yake, na mara nyingi anayeusimulia ni mmoja wetu aliyekwisha kujifunza kusema vizuri. Baada ya mihula miwili tunaanza kumcheka mama wa sokoni anayesema Kiswahili kilichochanganyika na Luganda au Kilango, na tunamcheka mzee aliyekijifunza kambini. Tunajipima kwa kuuliza kama mtu wa Unguja angetusikia angesemaje. Mtu huyo wa Unguja hayupo, hajatusikia, na pengine asingejali. Tumemweka tu kwenye kiti ambacho Ocol alimweka Bismarck.

Najua nitajibiwa kwamba lugha sanifu ni lazima, na nakubali. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na bila uamuzi wa aina hiyo tusingekuwa na vitabu ambavyo Mganda, Mkenya na Mrundi wanaweza kuvisoma pamoja. Uwanja wa Lawino nao ulikuwa na kanuni. Hakuna aliyeingia na kurukaruka anavyotaka. Kanuni si adui. Swali ni kama kanuni hizo zinamfungulia mtu uwanja au zinamfukuza. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi upatanisho wa ngeli anamfundisha kucheza. Mwanafunzi anayemcheka mama wa sokoni hamfundishi chochote. Anatangaza tu kwamba yeye si mshamba. Na lugha yenyewe inatuonya hapa, maana neno letu tukufu la ustaarabu lina asili moja na neno Mwarabu. Hata pwani, palipozaliwa lugha hii, kuna zama ambazo mtu alihesabiwa kuwa amependeza kwa kadiri alivyofanana na mwingine aliyetoka ng'ambo. Ugonjwa wa Ocol haukuanzia Makerere.

Kwa hiyo napendekeza tunapoisoma kazi hii tuache kuuliza kama tuko upande wa mila au wa usasa. Tuulize maswali yanayoweza kumsaidia mtu aliye hai. Anayenihukumu yuko hapa? Kanuni zake naweza kujifunza? Nikishazijua, nami nitaruhusiwa kuhukumu? Suti inaweza kuvaliwa mbele ya mahakama nzuri, na shanga zinaweza kuvaliwa mbele ya mahakama mbaya. Msichana mwenye nywele za bandia anayechekwa na darasa zima huenda ana majaji wake wanaomjua kwa jina, wakati mvulana aliyevaa kitenge kwa ajili ya kupigwa picha huenda anamvalia mtu ambaye hatakutana naye maishani.

Lawino mwenyewe anamaliza kwa ombi ambalo wahakiki wengi hulipita haraka. Baada ya kumtukana mumewe kurasa nyingi, baada ya kumwelekeza dawa za kusafisha koo na kumtuma akaombe radhi kwa wazee waliokufa, hamwombi amfukuze Tina, wala avue suti. Anamwomba amruhusu acheze mbele yake, aimbe, ili aone utajiri uliomo katika nyumba yake. Hadai kusifiwa. Anadai kutazamwa na mtu aliyepo, kisha huyo mtu aamue. Katika Wimbo wa Ocol, jibu analopata ni kuambiwa afungashe vitu vyake aondoke. Ocol hakuicheza ngoma wala hakuitazama, na bado alitoa hukumu.